Alama Chini ya Lami

Mimi mdomo wangu haujawahi kwenda likizo. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia kwamba siku nikifa itabidi yachimbwe makaburi mawili, moja la mwili na moja la mdomo, na tulikuwa tukicheka wote wawili. Sasa sicheki. Nikishaeleza yaliyompata baba yangu, nadhani hata wewe hutacheka.

Baba, Fulgensi Libenanga, alikuwa seremala wa misheni hapa Ifakara tangu kabla sijazaliwa. Vitanda na viti alitengeneza, ndiyo, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kupitisha siku. Kazi aliyoipenda ni nakshi. Ukimpa ubao wa mninga na patasi tatu, alisahau kula mpaka umletee chakula mkononi. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimletea.

Kufikia mwaka wa tisini na saba, kazi zake zote zilikuwa zimekwisha. Mlango wa kanisa la kijiji cha Mbingu uliliwa na mchwa, wakaweka wa chuma uliopakwa rangi ya bluu. Madawati ya shule yalivunjwa yakapikiwa uji. Karakana yenyewe ilifungwa, ikawa ghala la mpunga. Na macho ya baba nayo yalikuwa yakifunga. Daktari alisema ni presha ya macho, tumechelewa, na huenda ikifika Krismasi asione hata mwanga wa dirisha. Mtu amefanya kazi miaka hamsini, na hana hata kipande kimoja cha ubao cha kumwonyesha mjukuu. Iliniuma sana. Nilikuwa namwona akipapasa miguu ya meza ya jirani ili ajue kama ni yake. Haikuwa yake.

Ndipo nikaiona ile kalenda. Ilikuwa imetundikwa dukani kwa Nkwabi, pale mtaa wa Viwanja Sitini hapa Ifakara, juu ya magunia ya chumvi. Ilitolewa na makumbusho moja ya taifa huko Dar es Salaam, makumbusho ya historia na majengo ya Kiarabu, na kila mwezi ulikuwa na picha yake. Mwezi wa Mei ulikuwa na mlango. Nilinunua sukari, nikalipa, nikaondoka, nikafika njia panda nikarudi.

"Nkwabi, nipe hiyo kalenda."

"Mama Careen, mwaka haujaisha."

"Nipe, nitakuambia tarehe mimi mwenyewe kila asubuhi."

Alinipa, maana anajua nisingeondoka. Nilimpelekea baba uani. Aliisogeza picha mpaka ikagusa pua, akaigeuza kwenye jua, akaitazama kwa pembe ya jicho la kulia ambako bado kulikuwa na uoni kidogo.

"Ni ule wa Nasoro," alisema.

"Una hakika, baba?"

"Ua la tatu kutoka juu. Jani lake moja ni nene. Nilikosea."

Hapo inabidi nirudi nyuma. Mwaka wa hamsini na saba, Mzee Nasoro bin Humudi, Mwarabu aliyekuwa akinunua mpunga na nta, alijenga nyumba mpya mjini na akataka mlango wa kama kwao. Mafundi wa pwani walikuwa mbali, basi akamwendea baba, Mkatoliki wa Mahenge aliyekuwa hajawahi kuchonga hata herufi moja ya Kiarabu. Alimwandikia maneno kwenye karatasi, baba akayachora mbaoni nukta kwa nukta bila kujua yanasema nini, ila aliambiwa ni jina la Mungu. Kila asubuhi kabla hajashika patasi, Mzee Nasoro alimmiminia maji kwa birika, baba akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Mwishoni mwa maandishi mzee alitaka uwekwe mwaka ambao babu yake alifika bonde hili kwa mara ya kwanza, kwa hesabu ya Kiislamu. Baba akauchora nao. Walikuwa marafiki mpaka Mzee Nasoro alipofariki. Watoto wake walihamia Maskati, nyumba ikauzwa, na mwaka wa tisini na mbili lilikuja lori kutoka Dar, mlango ukachukuliwa. Sisi tulijua umekwenda kuwa kuni za mtu.

Kuna jambo jingine, na hilo tulikuwa tunalijua watu wawili tu duniani. Kule karakana ya misheni, kila fundi aliyemaliza kazi alichonga chini yake, mahali pasipoonekana, msalaba mdogo na herufi za jina lake na mwaka. Bruda msimamizi alitaka hivyo ili kiti kikivunjika ajue wa kumgombeza. Siku baba alipomaliza mlango wa Mzee Nasoro, aliulaza, akachonga alama ukingo wa chini bila kufikiri. Mkono ulishazoea. Nilikuwa na miaka saba, nimesimama na bakuli la ugali, nikamwona anasimama ghafla na kushika kichwa. Alikuwa ameweka msalaba chini ya mlango wa Mwislamu, mlango wenye jina la Mungu juu, mlango alionawishiwa mikono. Kuuondoa asingeweza. Angeuranda, upande huo ungekuwa mfupi na mlango usingefunga. Akachemsha lami, akapaka ukingo wote, akasema ni dawa ya mchwa. Kisha akanikatia muwa mrefu kuliko mimi.

"Balbina, hukuona kitu."

"Sikuona kitu, baba."

Miaka arobaini niliutunza ule muwa. Sijawahi kutunza siri nyingine yoyote, lakini hiyo niliitunza.

Basi baada ya kalenda, baba akawa na neno moja tu: anataka kuuona kabla macho hayajafunga. Kuuona tu. Mimi ndiye niliyeongeza mengine. Nilitaka wajue nani aliuchonga, nilitaka jina lake liandikwe pale, ili siku akifa kuwe na mahali duniani palipoandikwa Fulgensi Libenanga zaidi ya kwenye msalaba wa kaburi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Tutaona." Nikachukua hilo kuwa ndiyo.

Mwezi wa Juni tulipanda treni ya Tazara, mimi na yeye, na mfuko wa pepeta, mpunga wa kukaanga na kutwanga, wa kutafuna njiani. Alinyoa ndevu, akavaa koti alilovaa siku ya ndoa ya kaka yangu Damiani. Kesho yake asubuhi tulikuwa makumbusho. Jengo jeupe, sakafu inateleza, baridi ndani kama kisimani. Kulikuwa na picha za misikiti ya nchi za mbali, matao, minara, majumba ya udongo marefu yenye madirisha madogo, na vipande vya plasta vilivyochorwa maua. Baba hakuvitazama. Alinishika mkono akaniuliza, "Uko wapi?" Nikamwongoza.

Ulikuwa chumba cha mwisho, peke yake, umesimamishwa ukutani na kuwashiwa taa kutoka chini. Nilikuwa nimesahau ukubwa wake. Futi tisa za mninga, maua yanapanda pembeni, maandishi juu yanakimbia kama maji. Nikajikuta nalia, na mimi si mtu wa kulia hovyo. Baba aliinua mkono, akalitafuta ua la tatu.

"Mzee, hairuhusiwi kugusa," alisema mlinzi, kijana mwenye kitambulisho kilichoandikwa Obadia.

"Samahani, mwanangu," baba alijibu, akaweka mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Ile mikono. Ile ndiyo iliyonichoma. Nikageuka kusoma kibao kilichokuwa pembeni. Kilisema: Mlango wa nyumba ya mfanyabiashara wa Kiarabu, Ifakara, Bonde la Kilombero. Mwaka 1873. Kazi ya mafundi kutoka Omani.

Nilikisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

"Balbina," baba alisema kwa upole, "mimi nimeshauona. Twende."

"Tuende wapi? Wameandika Omani."

"Waache waandike. Twende, mwanangu."

Ningeenda. Mara nyingi sasa nauota mlango wa kutokea wa makumbusho yale, uko wazi, hatua ishirini, na sisi tunatoka. Lakini nilikuwa nimeshamgeukia Obadia. Nikamwambia mtu unayemkataza kugusa ndiye aliyeuchonga, na kwamba kama Omani ni Viwanja Sitini basi ni sawa, wameandika vizuri. Nilisema kwa sauti niliyotumia kuita mbuzi. Watu wakakusanyika. Akaja dada mmoja wa ofisini, mhifadhi, jina lake Sada, mwenye mtandio na miwani, akatuamkia vizuri.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," tulisema.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakutudharau, siwezi kumsingizia. Alieleza kwamba mwaka umeandikwa kwenye mlango wenyewe, 1290 kwa hesabu ya Kiislamu, ambao ndio 1873. Nikamweleza habari ya babu yake Mzee Nasoro. Akasema ni maelezo mazuri, lakini makumbusho yanahitaji uthibitisho.

"Uthibitisho upo," nilisema.

"Balbina," alisema baba. Alinishika kiwiko. Kwa namna alivyokishika nilijua anasema nini: muwa. Nilijua kabisa. Siwezi kudanganya kwamba sikuelewa.

"Upo chini, upande wa kushoto, chini ya lami," nilisema. "Msalaba, F na L, na mwaka hamsini na saba. Nilimwona akiuchonga."

Baba aliniachia kiwiko.

Walikuja wanaume wanne, wakatoa upande wa kushoto kwenye bawaba, wakaulaza juu ya magodoro. Obadia akachukua kisu akaanza kukwangua lami. Baba alikuwa amesimama kando, uso ameuelekeza ukutani. Lakini alipoisikia ile sauti ya kisu kwenye mti, alishindwa.

"Siyo hapo," alisema. "Shibiri moja kutoka bawaba. Na weka hicho kisu. Leta mafuta ya taa na kitambaa."

Walimletea. Akapiga magoti, hakuna aliyemkataza safari hii, akasugua taratibu kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Lami ikalainika. Ukatoka msalaba, mdogo wa ukubwa wa ukucha wa gumba, kisha F, kisha L, kisha mwaka, safi, mti bado mwekundu kama umechongwa juzi. Dada Sada alipiga magoti naye, akatazama kwa muda mrefu. Akavua miwani akaifuta.

"Ni kweli," alisema.

Mimi nilipiga kigelegele. Ndiyo, mle ndani. Sada alimpa baba mkono, akampongeza, akaandika anwani yetu ya sanduku la parokia, akasema watatuandikia. Nilimwuliza kama kibao kitabadilishwa. Akajibu kwamba kibao hakiwezi kubaki vile. Nilifurahi sana na jibu hilo. Sikumtazama usoni alipokuwa akilisema.

Nje, kwenye ngazi, baba alikaa chini.

"Umenivua nguo mbele ya Nasoro," alisema.

Nilimwomba radhi, ila kwa mdomo tu, maana moyoni nilikuwa nasherehekea. Na kusema kweli hata yeye ilimwingia, pole pole. Treni ilipokatiza mbugani alianza kuuliza maswali. Je, wataandika jina lote au kifupi? Wataandika na Ifakara? Je, mtu anayesoma atajua kwamba ni mtu mweusi, wa hapahapa? Nikamjibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tulipofika nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alisimulia mtaa mzima. Aliomba Nkwabi amtobolee kalenda tundu jingine ili aitundike juu ya kitanda, na kila Jumatatu alinituma parokiani kuuliza barua. Sijawahi kumwona baba akitumaini kitu. Alikuwa mtu wa kufanya kazi, siyo wa kutumaini. Mimi ndiye niliyemfundisha, uzeeni, ugonjwa ule wa kungoja.

Barua ilikuja Septemba, macho yakiwa yamekwisha. Alikuwa anatofautisha mchana na usiku, basi. Alikaa kitandani, akafunga vifungo vyote vya shati, akasema, "Soma."

Kama ningekuwa mwanamke mwerevu ningeisoma kwanza peke yangu. Nilichana bahasha nikaanza kusoma kwa sauti, na nikishaanza kusema huwa sijui kusimama katikati. Walimshukuru Mzee Libenanga kwa kuwasaidia kusahihisha kumbukumbu zao. Kwa kuwa sasa imethibitika kwamba mlango huo ni wa mwaka 1957 na si kazi ya mafundi wa Kiarabu, haumo tena katika kipindi wala mada ya maonyesho ya makumbusho. Umeondolewa. Kwa ufinyu wa nafasi umewekwa nje, nyuma ya jengo. Familia ikiuhitaji inaweza kuuchukua kwa gharama zake ndani ya miezi mitatu, vinginevyo utatolewa pamoja na vifaa vingine visivyohitajika. Sahihi, muhuri.

Nilimaliza nikabaki nimeshika karatasi. Kwa miaka mitano ulikuwa ukiwashiwa taa kwa sababu hawakumjua. Walipomjua wakautupa.

"Soma tena pale waliposema nje," alisema baba.

Nikasoma.

"Wameusimamisha au wameulaza?"

"Hawajaandika, baba."

"Ukilazwa, maji yatakaa kwenye nakshi. Mninga unavumilia, lakini si maji ya kukaa."

Akafungua kifungo cha juu cha shati.

"Mimi nilikuwa nimeshauona," alisema. Angenipiga ningeshukuru.

Tulijaribu. Treni ya abiria ilikataa mzigo wa futi tisa. Damiani, anayefanya kazi kwenye shamba la miwa kule Kidatu, alimpata dereva wa lori la mchele aliyekubali kurudi nao mwezi wa kumi na moja. Lakini mwaka huo ndio ilikuja mvua ya El Nino. Mtu wa Ifakara hahitaji kuelezwa. Mto ulitoka kitandani kwake ukaingia kwenye mashamba na baadaye vyumbani, mpunga ukaoza umesimama, na barabara ikakatika kijijini Mkula, malori yakapanga foleni pande zote mbili yakashindwa kwenda mbele wala kurudi. Dereva wetu alikaa pale siku kumi na nne, akauza mchele njiani, akarudi kwao. Miezi mitatu ikaisha katikati ya Desemba. Niliandika barua mbili kuomba watuongezee muda. Sijui kama hata zilitoka wilayani.

Baba hakuwa akitoka tena kitandani. Siku moja ya Januari, mchana, mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi nikae karibu naye ndipo tusikizane. Nilikuwa nachambua mchele. Kalenda ilikuwa bado iko ukutani, imefunuliwa Mei, imepinda kwa unyevu. Nilidhani amelala.

"Balbina."

"Abee, baba."

"Dar nako kunanyesha?"

Asubuhi ile ile redio ilisema kwamba Dar es Salaam mvua imenyesha siku ya tisa mfululizo, na nyumba za mabondeni zimezama. Nililisikia tangazo lote. Jibu nilikuwa nalo kwenye ulimi, kama ninavyokuwa na jibu la kila kitu tangu nizaliwe. Nikainamia ungo nikaendelea kutoa mawe.

Alingoja. Mvua iliendelea. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata kiwiko changu, akakishika vilevile alivyokishika siku ile.

"Sasa umejua kunyamaza," alisema.

Hakusema kwa hasira. Aliniachia, akageukia ukutani, na hakuniuliza tena habari za mlango, siku hiyo wala katika wiki sita alizokuwa amebakiza.